Sensa ya Waliokuwepo

Nchi tunayoisimulia hapa hatutaitaja jina. Wala si woga. Jina lake limebadilishwa mara nne tangu bendera ya kwanza ipandishwe, na fundi anayepaka rangi kibao cha mpakani ameomba apewe angalau mwaka mmoja apumzike. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ya watu wakarimu na wacheshi, wanaosalimiana kwa kirefu na kuulizana hali mpaka ya kuku, na ambao miaka thelathini na moja iliyopita walifanyiana mambo ambayo mpaka leo hawajayapatia jina.

Si kwamba hawakujaribu. Serikali iliunda Kamati ya Jina, ikakaa miezi kumi na minne katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikatoka na "Kipindi cha Hali ya Hewa". Kitabu cha historia cha darasa la sita kinasema hivi: baada ya hapo kulikuwa na hali ya hewa mbaya, kisha ukaja mradi wa maji. Mwanafunzi akiuliza kama ilikuwa mvua au jua, mwalimu humtuma akamwagilie bustani. Watu wa kawaida husema tu Mwaka Ule, tena kwa sauti ya chini, huku wakitupia jicho mlangoni.

Tungeendelea hivyo hivyo, kwa raha zetu, kama Mtukufu Mlezi wa Taifa asingekwenda kwenye mkutano wa wakuu wa nchi. Huko, wakati wa chakula cha mchana, rais wa upande wa kushoto alieleza habari za jumba lao la makumbusho, jinsi wageni wanavyoingia wakicheka na kutoka wakilia. Wa upande wa kulia akasema wao wanayo matatu, na moja lina mwenge usiozimika. Wakamgeukia Mtukufu wetu. Yeye akasema sisi tuna maporomoko ya maji. Inasemekana hakugusa tena chakula chake.

Aliporudi, alihutubia papo hapo uwanja wa ndege, hata koti hakuvua. "Ndugu wananchi, tumeachwa nyuma," alisema. "Wenzetu wana machungu yaliyopangwa vizuri, yana wageni, yana mahali pa kuegesha magari. Ya kwetu yamezagaa ovyo majumbani. Naagiza yakusanywe."

Tukapiga makofi. Sisi kupiga makofi hatujambo.

*

Katika miezi minne ukuta ukasimama katikati ya mji mkuu: marumaru tupu, mita themanini na mbili, kwa kuwa ule wa jirani ulikuwa themanini. Ukasuguliwa mpaka mtu akajiona meno. Ndipo mfagiaji mmoja akauliza utaandikwa nini. Swali likapanda ngazi, ofisi hata ofisi, mpaka likafika Wizara ya Kumbukumbu, Usahaulifu na Michezo, nako likajibiwa kwamba yataandikwa majina ya waliopotea Mwaka Ule, ila majina ya uhakika tu. Na jina la uhakika, kwa mujibu wa sheria mpya, ni lile lililotiwa saini kwenye Fomu Namba Saba na shahidi aliyekuwepo.

Basi ikabidi kwanza wajulikane waliokuwepo. Hapo ndipo kazi ilipomwangukia Erasto Mkumbwa.

Erasto alikuwa Ofisa Takwimu Msaidizi Mwandamizi, Daraja la Pili, katika wilaya moja ya bondeni inayolima pamba. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mpole, mwenye mashati matatu ya mikono mifupi yaliyofanana kiasi kwamba watu walidhani ni moja. Katika miaka ishirini na saba ya kazi hakuna barua ya lawama iliyowahi kuandikwa juu yake, wala ya sifa. Alijivunia yote mawili. Akapewa mkoba wa fomu na fulana iliyoandikwa mbele NAKUMBUKA na nyuma KWA NIDHAMU, akaambiwa aende nyumba kwa nyumba.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi: Je, Mwaka Ule ulikuwepo? Aliyejibu hapana alikwenda moja kwa moja mwisho wa fomu, akashukuriwa kwa ushirikiano wake. Lakini kabla ya swali hilo Erasto alitakiwa kumsomea kila mtu Kifungu cha Tisa, kwa sauti na bila kuharakisha: "Yeyote aliyekuwepo atawajibika kwa yote yaliyotokea alipokuwepo." Wataalamu wa wizara walieleza kwamba kifungu hicho kitawapa watu moyo wa kusema ukweli.

Mwenyekiti wa mtaa wa kwanza alisema alikuwa kwa shangazi yake, nchi jirani. Jirani yake naye alikuwa kwa shangazi. Kufikia wiki ya pili Erasto alipiga hesabu akaona kwamba mashangazi wa nchi jirani walipokea Mwaka Ule wageni wengi kuliko idadi ya watu wa nchi hiyo, na kwamba hakuna shangazi hata mmoja aliyewahi kuja kudai sahani zake. Wasiokuwa na shangazi walikuwa na surua. Afande mstaafu, aliyekuwa mkuu wa kituo cha polisi, alieleza kuwa kituo kizima kilikuwa likizo siku moja, pamoja na yeye aliyetia saini likizo hizo, pamoja na mbwa. Padri na shehe, kila mmoja kwa wakati wake, walisema walikuwepo kiroho.

Kuna golikipa wa zamani ambaye, kwa kunogewa na kahawa, alisimulia fainali ya mwaka huo dakika kwa dakika, alivyoruka na mpira ulivyogonga mwamba. Erasto akanyanyua kalamu kwa matumaini. Mzee wa watu akashtuka, akasema mechi ile aliisikiliza redioni. Erasto alipouliza ni nani basi aliyekuwa golini, golikipa akatikisa kichwa, akasema hata yeye jambo hilo limemsumbua sana.

Jioni moja, mkoba ukiwa umebaki na fomu moja, Erasto alikaa mezani kwake akajisomea Kifungu cha Tisa kwa sauti na bila kuharakisha. Kisha akaandika: Hapana. Nilikuwa kwa shangazi, naumwa tumbo. Tumbo likamuuma kweli siku mbili zilizofuata, ikawa angalau nusu ya fomu si uongo.

Maana Erasto alikuwepo. Mwaka Ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mpima mizani wa ghala la pamba la chama cha ushirika, na ufunguo wa ghala ulikuwa ukining'inia shingoni mwake. Yaliyofanywa na ufunguo ule hakuwahi kumwambia mtu, si mkewe, si padri.

*

Matokeo ya sensa yalitangazwa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Luteni Mstaafu Profesa Gaspari Nyamwero, mbele ya waandishi wa habari na bendi ya tarumbeta. Kwa hesabu kamili ya wilaya zote, idadi ya watu waliokuwepo nchini Mwaka Ule ilikuwa sifuri.

"Sifuri kamili," alisema Waziri, akafuta jasho la furaha. "Haina hata desimali. Nchi nyingine zimeshinda misiba yao kwa kulia, nyingine kwa kusameheana. Sisi tumeishinda kwa kutohudhuria."

Bendi ikapiga. Tukaenda nyumbani tumetulia kabisa, kama mtu aliyeambiwa na daktari kuwa uvimbe ni kivuli cha picha.

Ila takwimu ikishapatikana sharti itekelezwe. Watu elfu arobaini waliozaliwa mwaka huo waliitwa ofisini na kuelezwa kuwa haikuwezekana wazaliwe mahali pasipo na mama. Wakapewa tarehe mpya za mwaka uliofuata, na waliolalamika walikumbushwa kuwa wamepunguziwa uzee. Wizara ya Kilimo nayo ilikuwa na shida yake, kwa sababu mavuno ya pamba ya Mwaka Ule yalikuwa makubwa kuliko yote katika historia, na picha yake imetundikwa ukutani mpaka leo. Ikatolewa taarifa fupi kwamba msimu ule pamba ilijivuna, ikajibeba ghalani, ikajipima.

Erasto aliisoma taarifa hiyo mara tatu. Alikumbuka uzito wa kila robota.

*

Sasa ukuta ulikuwa tayari, sensa ilikuwa tayari, na majina hayakuwepo. Waziri hakuona tatizo. Ukuta mtupu, alisema, ni ishara ya usafi wa taifa. Ukapangiwa kuzinduliwa Jumamosi, na kwa sheria, ukishazinduliwa haugusiki: atakayeukwaruza hata kwa ukucha atafungwa. Mwisho wa kupokea Fomu Namba Saba ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni.

Ofisi nyingi hazikupokea fomu yoyote. Ya Erasto ilipokea moja, na ile ile moja ilirudi kila Jumanne kwa miezi mitano. Aliyeileta ni Bi Melania Chitete, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa miaka arobaini na mitano anayetembea na futi ya kamba shingoni hata kanisani. Alitaka liandikwe jina la kaka yake, Donati, aliyekuwa fundi baiskeli. Mahali pa shahidi palikuwa peupe.

Kila Jumanne Erasto alimweleza kwa adabu kwamba pasipo shahidi fomu haipokeleki. Alimuuliza kama yeye mwenyewe alikuwepo, akajibu alikuwa kwa shangazi. Na hata angekuwepo, ndugu wa damu haruhusiwi kuwa shahidi, kwa kuwa ana upendeleo wa kutaka ndugu yake akumbukwe. Erasto alimpa kila njia ambayo kanuni ziliruhusu. Kulikuwa na fomu ya waliopotea kwa sababu za kawaida. Kulikuwa pia na ukuta wa nyuma, upande wa vyoo, ambao hauhitaji shahidi. Bi Melania alisikiliza yote, akakunja fomu yake mara mbili, akaaga.

Jumanne ya mwisho hakuikunja.

"Kaka Erasto," alisema, "hivi katika wilaya nzima hamkupata mtu hata mmoja?"

"Hatukupata, dada."

"Basi Donati alichukuliwa na nani?"

Erasto akasema swali hilo liko nje ya idara yake. Akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mama aliweka sahani yake chini ya kawa miaka kumi na tisa," akasema Bi Melania. "Macho yake yalikuwa yameshakufa. Asubuhi nakila mimi kile chakula, namwambia Donati amepita, amekula, ameondoka mapema. Alikuwa anafurahi. Ananiuliza, amesema nini? Namwambia amesema mchuzi ulikuwa mzuri." Akaiweka fomu mezani, akailainisha kwa kiganja kama anavyofanya kwa kitambaa. "Mimi sitafuti kesi wala sitafuti mtu. Nimechoka kuwa mtu pekee anayejua kwamba hakuja."

Aliondoka akaiacha. Erasto alikaa nayo Jumatano. Alhamisi aliifungia kabatini, akaitoa, akaifungia tena. Alijieleza kwamba amebakiza mwaka na nusu astaafu, kwamba saini moja haimrudishi mtu, kwamba hata akisaini wizara itaipoteza. Hoja zote zilikuwa nzuri, maana alikuwa na miaka ishirini na saba ya kuandika hoja nzuri za kutofanya kitu. Ijumaa saa kumi kasorobo akaiandika saini yake mahali pa shahidi, akagonga muhuri, akaipeleka masijala kwa miguu yake mwenyewe. Aliogopa sana. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alisahau kuacha nakala.

*

Simu ililia kabla hajarudi mezani. Alikuwa Mkurugenzi wa Sensa, Rubeni Sengasu, mzaliwa wa wilaya hiyo hiyo aliyepanda vyeo kwa kusahihisha maandishi ya wenzake kwa kalamu nyekundu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Erasto, ndugu yangu, umefanya nini? Umeharibu sifuri."

Uzinduzi ukaahirishwa. Wanasheria wa wizara wakafanya kazi siku mbili bila kulala mchana, na wakagundua, kwa mshangao wao wenyewe, kwamba saini ya Erasto ilikuwa baraka. Kama Mwaka Ule alikuwepo mtu mmoja tu nchi nzima, basi kwa Kifungu cha Tisa yote yaliyotokea aliyafanya yeye. Taifa lilipata kile lilichokosa muda mrefu, yaani mhusika, tena mwenye anwani.

Hati ya mashtaka ilikuwa na kurasa thelathini. Erasto alidaiwa kuweka vizuizi barabarani katika wilaya nne kwa siku moja, kuendesha malori kumi na moja kwa pamoja, kuandika orodha za majina na kuzisoma redioni, na kula ng'ombe mia mbili wa watu. Katika ukurasa wa mwisho, kwa haki, ilitajwa kuwa ndiye pia aliyelima pamba yote ya mwaka huo, na kwamba hilo lifikiriwe kumpunguzia adhabu.

Mtaani watu walimhurumia kwa dhati. Walimletea ndizi na mayai. Walimwambia hakuna anayemchukia, na kwamba wao, kama watu ambao hawakuwepo, hawawezi kumhukumu. Wengine walimshukuru, wakaonekana wepesi wakiondoka. Afande mstaafu alimkumbatia mpaka kofia ikamwanguka.

Tatizo lilibaki moja dogo. Kwa kanuni, shahidi lazima athibitishwe na shahidi wa pili asiye ndugu wa aliyepotea. Asipopatikana, saini ya kwanza ni batili na jina haliandikwi. Ikaundwa Tume ya kulimaliza jambo hilo hadharani, katika ukumbi wa wilaya, na Mkurugenzi Sengasu akawa mwenyekiti wake.

*

Walikuja watu mia nne. Salamu za itifaki zilichukua dakika arobaini, ambazo Waziri alitumia kulala wima. Kisha Erasto akaambiwa asimame aeleze. Alikuwa amevaa shati lake bora, ambalo lilikuwa lile lile.

"Ilikuwa kama saa kumi jioni," alianza. "Lilikuja lori la buluu."

"La kijani," ikasema sauti kutoka safu ya tatu.

Mwenyekiti akagonga kengele, akauliza nani amesema. Hakuna aliyesema. Karani wa Tume, kijana mwangalifu, akaandika kwenye kumbukumbu: Sauti ya mtu ambaye hakuwepo.

"Kijani, ndiyo," akasema Erasto. "Wakashushwa watu kama arobaini."

"Arobaini na mmoja," wakasema wanawake wawili kwa pamoja, wakatazamana, kila mmoja akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

"Nikaambiwa nifungue ghala. Nikafungua. Wakaingizwa, nikaambiwa nifunge. Nikafunga kwa kufuli."

"Yalikuwa makufuli mawili," akasema Afande mstaafu, kisha akakohoa kwa muda mrefu sana.

Ikawa hivyo kwa robo saa nzima. Kila aliposema upepo ulitoka huku, aliambiwa ulitoka kule. Alipokosea jina la mbwa wa mlinzi, nusu ya ukumbi iliguna. Golikipa alisimama kabisa kueleza kwamba geti lilifunguka kwa nje, akakumbuka alipo, akajifanya anakunja suruali. Watu wetu wanaweza kukaa na uongo miaka thelathini, lakini kusikia habari ikisimuliwa kombo hawawezi hata dakika moja. Karani aliishiwa na karatasi kwa kuandika sauti za watu ambao hawakuwepo.

Halafu Erasto akafika mahali ambapo hakuna aliyeweza kumsahihisha.

"Nilipokuwa napiga kufuli, mtu akaniita kwa jina. Alikuwa Donati Chitete. Tulicheza naye bao kila Jumapili. Hakuomba nimfungulie. Akasema, Erasto, mwambie dada yangu baiskeli ya mwalimu imekwisha, pancha nimeziba, mwalimu aje aichukue kesho. Nikasema sawa." Erasto alikuwa akitazama mikono yake. "Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala. Asubuhi mlango ulikuwa wazi na ndani hamna mtu. Nikafagia. Saa mbili tukaanza kupima pamba. Ujumbe sikuufikisha. Nilikuwa napita njia nyingine ili nisikutane na dada yake, na baada ya miaka mingi nikawa napita njia ile kwa mazoea tu, hata sikumbuki kwa nini."

Aliona aibu kubwa, na hakujaribu kuificha. Mwenyekiti alisubiri kiasi cha adabu, akauliza kama yupo mtu yeyote, asiye ndugu wa Chitete, anayeweza kuthibitisha kwamba ndugu Erasto alisema kweli. Watu mia nne wakatazama dari.

"Basi, kwa kuwa hakuna shahidi wa pili," akasoma Mwenyekiti kwenye karatasi iliyochapwa tangu jana, "Tume inaona kwamba ndugu Erasto Mkumbwa hakuwepo, isipokuwa kwa madhumuni ya adhabu. Jina la Donati Chitete halitaandikwa."

Waziri akaamka kwa ajili ya makofi. Kabla hayajaanza, Bi Melania alikuwa amesimama.

"Mwenyekiti, niandikeni na mimi," alisema. "Mimi sina shangazi. Baba alizaliwa peke yake."

Mwenyekiti akamkumbusha kwa upole kwamba yeye ni ndugu, hivyo ushahidi wake hauhesabiki. Bi Melania akasema anajua, wasiuhesabu, wausikie tu.

"Kabla ya lori, walikuja nyumbani. Watu sita. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mama alikuwa kisimani. Wakaniuliza Donati yuko wapi. Sikusema neno. Nilionyesha kwa mdomo tu, hivi." Akachomoza midomo kuelekea dirishani, na watu mia nne wakageuza shingo kutazama alikoelekeza, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea. "Miaka yote najiambia sikumtaja. Ni kweli, sikumtaja. Wakaenda moja kwa moja jikoni, wakamtoa nyuma ya mtungi wa maji."

"Si jikoni," akasema Mwenyekiti. Alikuwa ameinamia karatasi zake, kalamu nyekundu mkononi, na alisema kama anavyosema ofisini kila siku mtu akimletea taarifa yenye kosa. "Uani. Nyuma ya kuni."



"Uani, nyuma ya kuni," akasema Bi Melania. "Mimi sijasahau, Mwenyekiti. Nilitaka kujua nani mwingine hajasahau."

Mkurugenzi Sengasu akainua uso. Akatazama kiti cha Waziri, lakini Waziri alikuwa amekumbuka kikao na mlango wa nyuma ulikuwa bado unachezacheza. Akatazama ukumbi, na ukumbi ukamtazama, bila chuki, kila mmoja akimshukuru Mungu kwamba si yeye aliyeteleza.

Erasto akatoka kwenye kiti cha mshtakiwa. Hakuna aliyemzuia. Akaichukua Fomu Namba Saba, akaiweka mbele ya Mwenyekiti na kumwonyesha kwa kidole mahali pa shahidi wa pili, kama alivyowaonyesha watu mahali pa kusaini kwa miaka ishirini na saba. Kalamu nyekundu hairuhusiwi kwenye fomu, kwa hiyo akampa ya kwake.

Mkurugenzi aliishika muda mrefu. Bi Melania alikuwa bado amesimama, futi shingoni. Mwishowe mkono ukaanza kwenda, polepole, ukaandika jina lote, la kwanza, la baba na la babu. Ukashuka kwenye mstari wa chini, palipoandikwa Tarehe ya Tukio, ukasimama.

"Tarehe," alinong'ona, kwa yeyote.

Na watu mia nne ambao hawakuwepo wakamtajia kwa sauti moja, tarehe, mwezi na siku ya juma, na kutoka nyuma kabisa mtu mmoja akaongeza saa.